Sindano Katika Kopo Moja

Kila siku nilipotoka shule nilipitia karakana ya mama kabla ya kwenda nyumbani. Nilivua sare, nikavaa shati kuukuu la baba lenye madoa, nikanawa mikono, kisha nikanawa tena, kwa sababu kwenye mikono mama hakuwa na mchezo. Mama yangu ni fundi wa injini za boti. Watoto wengine hujisifu kwamba mama zao ni wapishi hodari. Wangu hufumba macho, akaisikiliza injini, kisha akakuambia inaumwa wapi. Mimi aliniita Kiherehere, wala sikukasirika, maana kiherehere nilikuwa nacho kweli.

Kazi yangu ilikuwa kuosha nozeli, vile vifaa vidogo vinavyopuliza mafuta ndani ya injini. Kila nozeli ina sindano yake ya chuma. Mama alikuwa na sheria moja tu: nozeli moja, kopo moja.

"Sindano na nyumba yake vilisuguliwa pamoja kiwandani," alisema. "Ukiihamishia kwa jirani haikai sawa, hata kama kwa macho zote zinafanana."

Ijumaa moja tulikuwa na nozeli nne za boti ya nahodha mzee anayevusha watu ng'ambo. Nje, rafiki zangu walikuwa wakiruka kamba na kuniita. Makopo manne nikayaona mengi. Nikazitia zote katika kopo moja, nikazisugua chapuchapu, nikarudisha kila sindano nilikodhani ndiko ilikotoka. Huyo, nikatoka mbio.

Jumamosi asubuhi, gatini, mama alizifunga nozeli kwenye injini ya boti, na nahodha akawasha. Lo! Moshi mweupe ulifumuka kwenye bomba la moshi, ukatuchoma macho sote. Nyuma ya boti mafuta yalitanda juu ya maji yakimetameta.

"Fundi," nahodha alisema akipangusa machozi, "nilikuletea injini inakohoa, unanirudishia inatapika?"

"Ngoja kwanza ipate moto, mzee," mama alijibu.

Tukangoja. Ilipata moto, lakini moshi haukupungua. Mama akashika tambara jeupe mbele ya bomba, akalinusa, kisha akanipa mimi.

"Unasikia harufu gani?"

"Dizeli, mama."

"Ehe. Ungekuwa mvuke wa maji, macho yasingetuwasha. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa, wa buluu ni oili inaungua. Huu mweupe wenye harufu ni mafuta yanayoingia na kutoka bila kuungua."

Akachukua spana. Huku injini ikinguruma, akalegeza bomba la mafuta la silinda ya kwanza, na mlio ukayumba. Akalikaza, akaenda ya pili. Ukayumba tena. Alipolegeza la tatu, injini iliendelea vilevile. La nne, vilevile.

"Silinda hizi mbili hazifanyi kazi, nikizinyima mafuta injini haijali," alisema. Akanigeukia. "Jana uliosha kila nozeli kwenye kopo lake?"

"Ndiyo, mama." Neno lilitoka kabla sijalifikiria.

Naye akaniamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, aliniamini papo hapo.

"Basi si nozeli," alisema. "Itakuwa ringi za pistoni zimekwisha. Na spea za injini hii hazitengenezwi tena, mzee. Nikiifungua, sina cha kurudishia."

Nahodha alikaa kwenye ukingo wa boti. "Miaka thelathini na moja," alisema. "Injini mpya siiwezi. Basi, na mimi nipumzike." Akaweka kiganja juu ya injini, akaipapasa kama mtu anavyompapasa mtoto mwenye homa. "Umenilelea watoto sita," aliiambia.

Nilimwonea huruma, nikamvuta mama shati.

"Mama, si ringi," nilisema. "Ni mimi."

Nikaeleza yote: kopo moja, kamba, na ule uongo. Machozi yalikuwa yananitiririka, na safari hii si kwa sababu ya moshi.

"Mbona hukusema nilipokuuliza?"

"Niliogopa hutanipa kazi tena."

Mama alivuta pumzi. "Na mimi nina langu. Pampu ya kupimia nozeli nimemwazima fundi mwenzangu, nikaona uvivu kuifuata, nikafunga bila kupima. Haya, kaichukue. Mbio."

Nilipoirudisha, zile nozeli mbili zilikuwa zimeshafunguliwa. Mama alinionyesha namna ya kuchovya sindano kwenye dizeli safi, kuiingiza, kuivuta juu kidogo na kuiachia. Ikiwa kwake, hushuka yenyewe taratibu. Ya kwanza ilikwama. Tukazibadilishana sindano zile mbili, nikaiachia tena. Ikateleza polepole mpaka chini. Nilipiga kelele kwa furaha! Kwenye pampu, mafuta yalitoka kama ukungu mwembamba, yakakatika bila kudondosha hata tone.

Mchana nahodha akawasha. Moshi mweupe ulitoka kidogo, ukapungua, ukaisha. Mama alishika tambara safi mbele ya bomba, safari hii akampa nahodha alinuse.

"Halina kitu," alisema. Kisha akanitikisa bega. "Wewe mtoto, nusura unistaafishe!"

Nahodha alipong'oa nanga, mama aliniketisha pembeni yake gatini.

"Mwanangu, kuchanganya sindano ni kosa la kazi. Makosa ya kazi tunayarekebisha kwa spana, hata yangu. Lakini uliponijibu 'ndiyo,' nilianza kutibu ugonjwa usiokuwepo, na mzee wa watu akaanza kuaga. Injini haina mdomo. Inatoa moshi tu, na mimi nahangaika kubahatisha inaumwa wapi. Wewe una mdomo. Usiniache nikubahatishe."

Nilimkumbatia hivyohivyo, na mafuta yake yote.