Mgeni wa Ghorofa ya Tisa

Mkate wa kwanza kurudishwa ulirudishwa na mwalimu wa jirani, mtu asiyelalamika hata akiuziwa yai viza. Aliuweka mezani akasema kwa upole kwamba unanuka rangi ya ukutani. Mama Mikate akaukata, akaunusa, akapandwa na hasira kwa sababu ilikuwa kweli. Ulinuka rangi mbichi na saruji yenye maji, ndani kabisa, pale katikati penye ulaini.

Akatupa unga wote. Akabadilisha hamira, akasugua trei mpaka kucha zikauma. Mkate wa kesho yake ukanuka vilevile. Nyumba ile haikupakwa rangi tangu mama yake mzazi alipofariki. Ilikuwa nyumba ya mama: vyumba vitatu, tanuri la matofali uani alilolijenga kwa mikono yake, na chumba cha nyuma alichofia. Mama Mikate alirithi vyote hivyo, pamoja na hasira za marehemu.

Sasa tumseme mume, maana bila yeye haya yasingekuwapo. Alikuwa mfamasia, bwana wa koti jeupe, anayeweza kukueleza madhara ya kila kidonge ila ya tamaa yake hayaoni. Aliingiwa na mambo ya kununua nyumba ng'ambo. Kila jioni simu mkononi: pango la kule linalipwa kwa pesa isiyoporomoka, nyumba ya kule inapanda bei hata mwenyewe ukiwa umelala, uzeeni tutakula bila kukanda. Si maneno ya kipumbavu, na Mama Mikate hakuyabeza. Aliuliza tu. Bomba likipasuka, nani atalishika? Mpangaji akigoma kulipa, utamtoa kwa simu? Sheria wametunga wao, kodi wanatoza wao, wakigeuza kesho utamlalamikia nani, na kwa lugha gani? Akasema basi angalau twende kwanza tukaione. Mume akajibu kwamba nauli ni hasara.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akamwambia mkewe.

"Wewe hujainama. Huo mvungu umeuona kwenye simu."

Akanunua. Alichukua akiba ya tanuri jipya, akalipa nusu kimyakimya. Ilikuwa nyumba ya ghorofa ya tisa, ya bei ya chini kuliko zote katika jengo lile, na msomi mzima hakujiuliza kwa nini. Hapo ndipo anaponishinda kabisa.

Mkewe alijua siku dalali alipopiga simu ya video. Dalali huyo alikuwa mtu wa kwetu aliyehamia kule siku nyingi, akazunguka na simu akionyesha sebule tupu na jiko tupu. Kisha chumba cha nyuma, na mle ndani bibi kizee ameketi kwenye kiti, amewapa mgongo, anatazama dirisha, kichwani ana kitambaa cha kijivu. Mume akadhani ni mfanya usafi. Na unajua tulivyo sisi, tukimwona mkubwa mdomo huwahi kabla ya kichwa.

"Shikamoo mama. Karibu sana. Karibu hata kwetu."

Dalali akauliza unaongea na nani. Akageuza simu huku na huku, na chumba kilikuwa kitupu, hata kiti hakuna. Lakini Mama Mikate alikwisha kumwona yule bibi akianza kugeuza shingo. Mume akasema ni mtandao tu. Asubuhi yake ndipo mwalimu aliporudisha mkate.

Wiki haikuisha. Mchana kweupe, Mama Mikate akiwa peke yake anaviringa madonge, mashine ya kukandia imezimwa pembeni, ikasikika kengele ndogo kutoka mlango wa mbele, ting, kama ya lifti, katika nyumba ya chini isiyo hata na ngazi, kisha milango ya chuma ikateleza ikafunguka, kisha zikaja nyayo za kandambili, zinaburuta taratibu, zikapita sebuleni, zikaingia jikoni, zikapita nyuma ya mgongo wake karibu kabisa hata shingo yake ikashika ubaridi wa ukuta usiokauka, naye hakugeuka, mikono imezama kwenye unga, anasema moyoni mama nisaidie, mama nisaidie, mpaka mlango wa chumba cha marehemu ukafunguliwa, ukafungwa, ukatiwa komeo kwa ndani, na kiti kikaburutwa kuelekea dirishani. Unga uliokuwa umeumuka vizuri kwenye beseni ukanywea.

Mume aliporudi, walisimama wote wawili mbele ya mlango ule. Kitasa kilikuwa baridi na kimelowa rangi.

"Ni yeye," mke akanong'ona.

"Ongea taratibu."

"Umemkaribisha wewe. Muulize anataka nini."

Hakuhitaji kuuliza. Sauti ilitoka ndani, ya kizee, bila haraka. "Mlinunua kwangu bila kubisha hodi. Mimi nimeingia kwenu kwa kukaribishwa. Nani hapo mwenye adabu?"

Mume akarudi nyuma hatua moja. Lakini ungedhani aibu imemshika? Jioni ileile, chai haijapoa, akaleta shauri: nyumba hii imeshaingiwa, afadhali iuzwe kabla watu hawajajua, halafu wamalizie nusu iliyobaki kule, maana wasipoimalizia watapoteza yote. Alilisema kwa sauti ya chini, kama anayemsomea mgonjwa dozi. Mama Mikate alimtazama mpaka akaacha kunywa.

"Mgeni wako amechukua chumba cha mama yangu," akasema. "Na wewe unataka nyumba nzima. Sasa nieleze, jini ni yupi."

Akamwita mganga. Alikuja mwanamke wa makamo, ana mafua na hana subira, hakubeba uvumba wala kitabu. Alinusa mlango, akapiga chafya, akataka kujua nani alisema karibu. Mume akanyoosha kidole kama mtoto wa shule.

"Jini aliyejipenyeza namtoa," mganga akasema. "Aliyekaribishwa hafukuzwi. Husindikizwa, na wa kumsindikiza ni yule aliyemkaribisha. Mpeleke mpaka mlangoni kwake, umuage, ugeuke. Akikwambia karibu ndani, usiingie. Hata mguu mmoja."

Mume akasema ana kazi. Akasema labda dalali amsindikize kwa niaba yake. Akasema nauli. Mama Mikate hakubishana naye. Aliuza mashine ya kukandia, akakata tiketi ya ndege, akamfungia begi. Asubuhi ya safari bwana yule alisimama kwenye mlango wa chumba, akasema mama, nimekuja kukusindikiza. Komeo likafunguka. Hakuonekana mtu, ila kandambili zilimfuata mpaka nje, na alipopanda teksi, kiti cha pembeni yake kikabonyea.

Kabla ya jua kuzama harufu ilikuwa imekwisha. Mama Mikate akafungua madirisha yote, akaketi kwenye kitanda cha mama yake, akalia kwa hasira mpaka ikapungua. Kisha akawasha tanuri. Kesho yake mwalimu alinunua mikate miwili, akala mmoja palepale akiwa amesimama.

Siku iliyofuata simu ikalia akiwa mbele ya beseni, anakanda kwa mikono kwa kuwa mashine imekwenda. Ilikuwa video. Mumewe ameketi kwenye kiti, amempa mgongo, anatazama dirisha.

"Ulimfikisha?" akamuuliza.

"Nilimfikisha. Nikamuaga." Hakugeuka. "Akasema karibu ndani. Nikaona nichungulie tu, nikague vyumba. Si nimelipia, mke wangu?"

"Toka hapo."

"Mlango siuoni."

Mama Mikate akaitazama ile picha vizuri. Mikono ya mumewe ilikuwa imelala magotini, yote miwili, mitupu, na bado picha ilikuwa imetulia kabisa, inamtazama kwa nyuma, kisha ikaanza kumsogelea taratibu, na pembeni ya kioo kikaingia kipande cha kitambaa cha kijivu.

"Mumeo anataka kurudi," ile sauti ya kizee ikasema, sasa karibu na sikio. "Nitamsindikiza mimi, mpaka kwenu. Nikaribishe tu."

"Sema karibu," mume akasema, analia. "Neno moja, mke wangu. Hata kwa sauti ndogo."

Alimpenda, msimfikirie vingine. Miaka yote ile walikula sahani moja. Na alilelewa na mama aliyemfundisha kumkaribisha kila mtu, hata mdai, hata adui, kabla hajajua anataka nini. Neno lilikuwa tayari limeshafika kwenye ulimi. Nyuma yake mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi na upepo unapita.

Akamega donge la unga kutoka kwenye beseni, akalisukumiza mdomoni mpaka mashavu yakajaa, akauma kwa nguvu. Sauti za simuni zilimwita, zikamwita, mpaka chaji ikaisha. Yeye alisimama pale machozi yanamtoka, hawezi kusema kitu, na ule unga mdomoni ulikuwa na ladha ya unga tu.