Shairi Lililompiga Nyundo

Kila asubuhi kabla ya shule, Nyundo alimsaidia shangazi yake kwenye kibanda cha kuku. Yeye hushika miguu na mabawa, shangazi hupitisha kisu, kisha kuku huchovywa kwenye maji ya moto na kunyonyolewa. Nyundo alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba, lakini kuku akiwa mikononi mwake hafurukuti.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake, kwa sababu ya mkono wake. Ukimtangulia kwenye foleni ya bomba, kofi. Ukimcheka aliyepigwa, kofi la pili. Shangazi alimkanya mpaka ulimi ukachoka. Nyundo alijibu kwamba kwa baba ndivyo walivyoishi: anayesema anapigwa, na anayenyamaza anapigwa vilevile. Shangazi alilijua hilo, maana ndiye aliyekwenda kumchukua mtoto siku baba yake alipombamiza mlangoni mpaka akazimia.

Siku moja mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni shairi la siku hizi. Darasa lilikuwa halijawahi kuona kitu kama kile. Walizoea kupima mizani kwa vidole, sasa vidole vikawagomea: mstari mmoja mfupi kama mkia wa mbuzi, mwingine hauishi. Vina havikuwapo kabisa. Mvulana wa dawati la nyuma akasema labda mtunzi alikuwa na haraka ya kwenda chooni. Watu wakacheka, na mwalimu naye akacheka. Kisha akamwomba Kasuku, msichana mwenye sauti nzuri, asome.

*Mkono huu*
*umepiga ukuta, mlango, mtoto.*
*Usiku unalala chini ya shavu langu*
*kama mtoto mwingine,*
*na mimi naogopa kugeuka.*

Kasuku alipoinua macho, yalikutana na ya Nyundo. Basi. Mvulana wa nyuma akanong'ona, "Nyundo, umetungiwa wewe."

Nyundo aliruka dawati. Ngumi ya kwanza ilimpata Kasuku mdomoni, ya pili shavuni, na alipoanguka kichwa kiligonga ukingo wa dawati. Damu ikatiririka mpaka kwenye kola. Nyundo aliendelea kupiga. Ilibidi walimu wawili wamvute, na mmoja akang'atwa mkono.

Kesho yake Nyundo na shangazi yake, Kasuku na mama yake, waliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na mwalimu wa Kiswahili naye akiwapo. Mama yake Kasuku, fundi cherehani, hakutaka hata kukaa. Alisema mwanawe ameshonwa mdomo kama nguo, na kama yule mtoto hafukuzwi shule, yeye atamwondoa wa kwake. Mwalimu mkuu alikubaliana naye, akasema itabidi mtoto arudishwe kwa baba yake, akasome huko. Akamuuliza Nyundo kama ana neno kabla hajafukuzwa.

"Kasuku amenitungia shairi la kunitangaza," Nyundo alisema.

Mwalimu wa Kiswahili alishangaa. Akatoa kitabu kwenye mkoba, akaufungua ukurasa na kumwonyesha. "Aliyetunga ni mtu mzima, anaishi mbali na hapa. Hakujui wewe wala sisi."

Nyundo aliutazama ukurasa. "Kama hanijui, amejuaje?"

Akaomba alisome shairi mwenyewe. Alisoma taratibu, akitua pale mstari ulipokatika. Alipofika kwenye kuogopa kugeuka, akakifunga kitabu.

"Mimi ndivyo ninavyolala," alisema. Akamgeukia Kasuku. "Nilidhani umeniona, ndiyo maana nikakupiga. Nisamehe, dada."

Kasuku alisema kwa shida, kwa sababu ya nyuzi, kwamba mdomo unamuuma na hataki kuguswa naye tena. Lakini alimwambia mama yake kuwa hataki Nyundo arudishwe kwa baba yake. Fundi akavuta kiti, akakaa.

Mwalimu mkuu alimbakiza Nyundo kwa sharti moja: akimpiga mtu tena, basi. Na kila mapumziko atakaa na mwalimu wa Kiswahili, wasome mashairi. Mengine hakuyaelewa, mengine yalimchosha, moja lilimliza. Siku aliposukumwa kwenye foleni mkono ulipanda hadi begani, ukashuka. Alimwambia aliyemsukuma kwamba amemuumiza. Wenzake walidhani anaumwa.

Siku ile walipotoka ofisini, shangazi na Nyundo walirudi nyumbani pamoja. Njiani shangazi alimshika bega.

"Maneno yakikuchoma, mwanangu, usimrukie aliyeyasema. Jiulize yamekuchoma wapi, maana hapo ndipo penye kidonda. Ukimpiga msemaji, mtakuwa wagonjwa wawili, na chako kitakuwa bado hakijaoshwa."