Gari la Mwavita Halikohoi Mchana

Ukungu ulikuwa bado haujatoka mtoni siku gari la Mwavita lilipozimika mbele ya kivuko cha Lualaba, mjini Kindu, likaziba njia nzima. Nyuma yake kulikuwa na baisikeli, mbuzi, na akina mama wenye vikapu vya samaki wa Lokandu, wote wakimtaka apishe. Peugeot ile ya baba yake, kuukuu, imefunikwa turubai nyuma, ilikohoa, ikashtuka, ikanyamaza. Na siku hiyo Mwavita alikuwa amependeza jamani: kikwembe cha manjano chenye ndege wa kijani, kucha nyekundu, wanja machoni. Sasa jasho lilikuwa linaharibu kila kitu.

"Sitwayeni, umeinywesha mafuta mengi," sauti ilimwambia dirishani. Zamani zile za Zaire sote tulikuwa masitwayeni, yaani raia, hata uwe unauza ndizi. "Toa muguu. Ingoje kidogo, kisha washa."

Mwavita akageuka. Kijana mrefu, salopeti ya bluu ya fundi, mikono myeusi kwa oili, na kicheko cha kumsahaulisha mtu mbuzi wote wale. Akangoja, akawasha, gari likakubali.

"Naitwa Sumaili. Gereji yangu iko karibu na stesheni. Ulete niisikilize."

"Na kama sina shauri ya kunipeleka huko?"

"Gari yenyewe itakupeleka."

Na kweli lilimpeleka. Mwavita alikuwa akiishi ng'ambo, Alunguli, na kila alfajiri alipakia mikate ya tanuri la kwao akaisambaza madukani. Baba yake, Mzee Amuri, macho yalikuwa yamechoka, ndiyo maana alimfundisha binti kuendesha, watu waseme watakavyo. Alfajiri gari lilikohoa na kukataa kilima. Lakini mpaka Mwavita amalize kazi, avuke mto, afike gereji, jua lilikuwa kichwani na gari limetulia kabisa.

Sumaili alibadilisha buji, zile plagi za kuwashia moto. Akasafisha kabureta. Akapuliza bomba la mafuta mpaka mashavu yakamuuma. Hakuona kitu, na hakuhuzunika sana, maana kila safari walikaa kwenye tairi la zamani wakatafuna karanga.

"Hii gari inaimba, Mwavita."

"Kwako inaimba. Kwangu inalia kila siku."

"Basi inanipenda."

"Gari tu?" Mwavita aliuliza, akatazama pembeni.

Mambo yangekwenda hivyo vizuri, lakini kijana akakosa adabu. Siku ya treni gereji ilijaa watu, na Mwavita akafika na malalamiko yale yale. Sumaili akawasha, akasikiliza, akacheka mbele ya wote.

"Mama, hii gari haina ugonjwa. Mwenye gari njo iko mugonjwa. Sema tu umenikumbuka."

Watu waliangua kicheko. Mwavita alihisi uso unamwaka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Marashi aliyojipaka hayakuwa ya kabureta. Lakini gari lilikuwa linakohoa, wallahi lilikuwa linakohoa.

"Nilikuja kwako na shida," alisema polepole, "ukanifanya kichekesho."

"Mwavita, nilikuwa natania."

"Tania dada zako."

Simu zilikuwa chache sana Kindu siku zile, ila maneno yalifika Alunguli kabla Mwavita hajavuka: binti wa Amuri anazungusha gari zima kumfuata fundi. Jioni baba yake alimwita barazani.

"Mwanangu, ile gari inakohoa kweli? Saa unayoiwasha mimi niko musikitini, sijaisikia."

"Inakohoa, baba."

"Watu wanasema ingine. Kama nikiona njo vile wanavyosema, ufunguo utanirudishia."

Mwavita hakulala vizuri. Bila ufunguo hakuna mikate yake, na bila neno lake kuaminiwa hakuna Mwavita. Sumaili alituma salamu kwa wapiga makasia waliovusha watu mtoni. Mwavita akazirudisha kama zilivyokuja. Halafu alilia kidogo, maana alikuwa amemkumbuka kweli, mshenzi yule.

Alfajiri moja alikuwa akipakia mikate ya moto alipoona taa ya baba yake inarudi kutoka msikitini, na watu wawili nyuma yake. Mmoja ni mzee mwenye kanzu na kofia. Mwingine ni Sumaili, ndani ya abakosti, ile suti ya Zaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi, kasha la spana mkononi.

"Nimewakuta katika sala," Mzee Amuri alisema. "Wanasema wamekuja kusikiliza gari. Fundi gani anatembea na mujomba wake?"

Mzee mwenye kanzu akakohoa kidogo. "Mukubwa, mimi naitwa Kalume. Huyu mutoto alitaka kuja peke yake kabla jua kutoka, asikie gari saa inakohoa. Nikamwambia, ukiingia saa hii kwa muntu mwenye binti, uko mwizi ao uko muchumba. Chagua. Yeye amechagua."

Mwavita akaacha mikate, akaingia kwenye usukani.

"Washa, tafazali," Sumaili alimwambia bila kumtazama.

Gari likawaka, likakohoa, likashtuka, likatetemeka lote. Mwavita hakuwahi kulipenda kama dakika ile.

"Kumbe inakohoa kweli," alisema baba yake.

Sumaili akafunua kapo, injini ikaonekana, akaomba taa izimwe. Gizani, juu ya delko, kile kichwa cheusi kinachogawa moto kwa buji, cheche nyembamba za bluu zilikuwa zinakimbia ovyo.

"Muone. Kifuniko ya delko iko na ufa. Umande wa mto unaingia, moto unatoroka mbele ya kufika kwa buji. Jua likikausha, ugonjwa unapotea. Njo maana mimi wa mchana sikuuona." Akasimama wima. "Mzee, binti yako alisema kweli tangu siku ya kwanza. Nilimupatisha haya mbele ya watu, namuomba radhi mbele yako. Niliyekumbuka muntu ni mimi. Niliogopa kusema, nikamsingizia yeye."

Mwavita akazima gari. Alikuwa ameandaa matusi mazuri; akayaacha yote, akashuka.

"Uko na rangi ya kucha?" Sumaili aliuliza taratibu.

Mwavita akaileta mbio. Sumaili akakausha kifuniko kwa pindo la abakosti yake mpya, akauziba ufa wote kwa rangi nyekundu. "Itashika mpaka kingine kije na treni."

Rangi ilipokauka Mwavita akawasha tena. Gari likanguruma laini, kama la mchana. Mzee Amuri alisikiliza, kichwa kimeinama, akitabasamu.

"Ufunguo ni wako, mwanangu. Gari imejibu. Wageni nao wanangoja jibu."

Mwavita akamtazama fundi, pindo limechafuka oili, kidole kina rangi yake nyekundu.

"Mikate inapoa, baba," alisema. "Sumaili, panda. Ila mujomba akae katikati."

Mzee Amuri alibaki langoni peke yake, akisikiliza mpaka gari lilipomaliza kilima bila kukohoa.