Ukurasa wa Mama Nyaluak

Kila siku saa kumi jioni, kengele ya mwisho ikishalia, Adut alipita nyumbani kunywa maji na kuacha mkoba, kisha akakimbilia chumba cha kompyuta kilichokuwa katika uwanja wa kanisa, Kakuma mjini. Kulikuwa na kompyuta nne, moja mbovu. Wanafunzi walianza kwa kupangusa vumbi, maana vumbi la Kakuma halibishi hodi, halafu wakakaa wawili wawili. Adut alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na mwaka huo wa 2012 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa klabu ya kompyuta. Cheo hicho alikipenda kupita kiasi. Alitembea nacho hata kwenye foleni ya maji.

Msimamizi wa chumba alikuwa Mwalimu Ekal, mwenyeji wa Lodwar. Kulikuwa na jambo moja lililomkera. Kompyuta nambari mbili, ambayo watu wazima wa kambi ya wakimbizi na wa mjini waliruhusiwa kuitumia, ilijaa alamisho, yaani anwani za kurasa ambazo mtu huzihifadhi ili azifungue tena kwa kubofya mara moja tu. Kila aliyepita aliacha yake. Kulikuwa na za mpira, za nyimbo, matangazo ya kazi yaliyopitwa na wakati na kurasa ambazo hazikufunguka tena.

Mwalimu alikuwa anasafiri kwenda Lodwar kwa semina ya karibu wiki tatu. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Adut kazi ya kuondoa zisizotakiwa, na maagizo akayarudia mara mbili. Afungue kila ukurasa kwanza, aandike anwani yake kwenye daftari, amuulize mwenyewe kama bado anauhitaji, ndipo afute.

"Usifute usichokijua," alimwambia. "Wengine wanaokuja hapa hawajui kusoma. Hiyo alamisho ndiyo njia yao pekee."

Adut aliitikia vizuri sana. Kuitikia hakukuwahi kumshinda.

Alhamisi hiyo alianza. Mtandao ulikuwa wa kujikokota, na kufikia ukurasa wa tatu alikuwa amechoka. Rafiki yake Namuria, msichana wa Kiturkana aliyeketi kando yake, alimkumbusha daftari. Adut akamjibu kwamba mwenyekiti hahitaji msimamizi wa pili. Akachagua orodha nzima, kutoka juu mpaka chini, akafuta. Kazi ya siku kadhaa ikaisha kwa kupepesa jicho, na orodha ikabaki safi. Alijiona hodari.

Kesho yake, Ijumaa, akaja Mama Nyaluak.

Mama huyu alikimbia kwao Jonglei, ng'ambo ya mpaka, mwanzoni mwa mwaka, kijiji chao kiliposhambuliwa. Katika kukimbia huko alipotezana na binti yake Nyawech, mwenye miaka tisa. Wol, mtoto wa kaka yake, alimtafutia ukurasa ambapo watu wa kwao waliweka picha za watoto waliookotwa njiani, akamhifadhia, kisha akarudi Juba. Mama Nyaluak hakujua kusoma. Alijua tu kwamba ukurasa wake ulikuwa wa nne kutoka juu. Kila Ijumaa alikuja, akahesabu kwa kidole, akabofya, akatazama nyuso za watoto mmoja mmoja, akarudi kambini.

Siku hiyo kidole hakikupata cha kuhesabu. Alimgeukia Adut na kumuuliza ukurasa wake uko wapi.

Adut angeweza kusema ukweli hapo hapo. Lakini alimfikiria Mwalimu Ekal, akakifikiria cheo chake, na ulimi ukamtangulia.

"Mama, ule ukurasa umefungwa na wenyewe. Haupo tena."

Mama Nyaluak hakubisha. Angebisha na nini, na yeye hasomi? Alitoka akaketi kwenye benchi nje ya dirisha mpaka chumba kilipofungwa. Ijumaa iliyofuata alirudi akaketi tena, akitumaini kwamba wenye ukurasa wameufungua. Ijumaa ya tatu vilevile. Wanafunzi walimwona akijifuta macho kwa ncha ya shuka lake. Namuria alimsihi Adut ampigie mwalimu kwa simu ya katibu wa kanisa. Adut akamwambia ashughulike na yake. Tangu siku hiyo Namuria alihamia kompyuta nyingine na hawakusemezana.

Kwa siku zote hizo Adut alikula, akacheza, akalala. Hapo ndipo mimi huona uchungu kila nikiikumbuka habari hii. Kupitiwa ni jambo la kila mtu. Lakini kumwona mama wa mtu akilia, nawe unajua dawa ya kilio chake, ukanyamaza, huko si kupitiwa.

Mwalimu Ekal alirudi siku ya kumi na nane. Alipoomba daftari, alikuta mistari mitatu tu. Kabla Adut hajajieleza, Mama Nyaluak akaingia. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu amefika. Alimsalimu kwa "ejok", salamu ya Kiturkana aliyojifunza kwa majirani, akasimama mbele yake.

"Mwalimu, mimi nataka kuuliza," alisema. "Hii watu ya ukurasa, kama wamefunga, ni sababu watoto yote wamekufa?"

Mwalimu hakuelewa. Adut alielewa.

"Hawakufunga, mama," alisema huku akilia. "Ni mimi nilifuta. Nilifuta zote bila kuangalia."

Mwalimu Ekal hakumgombeza. Aliketi kwenye kompyuta nambari mbili, akapekua kwa muda mrefu, kisha akaeleza kwa sauti ya chini. Kivinjari kile, yaani programu ya kufungulia kurasa, hujiwekea nakala ya orodha kila siku kinapotumiwa, lakini hutunza nakala kumi tu. Inapoingia mpya, ya zamani kabisa hutupwa. Nakala zote zilizobaki zilikuwa za baada ya kufuta. Kama Adut angempigia simu hata wiki ya kwanza, angemwelekeza airudishe orodha nzima kwa dakika moja.

Ilibidi kumtafuta Wol. Alipatikana kwa simu Jumatano, akaitaja anwani herufi kwa herufi, na ukurasa ukafunguka. Nyawech alikuwamo. Alikuwa amekonda na kunyolewa nywele, lakini alikuwa yeye. Mama Nyaluak aliweka kiganja juu ya picha akasema yuko hai, yuko hai. Kisha akauliza maneno ya chini yanasemaje.

Mwalimu akamsomea. Mtoto huyu anamtafuta mama yake. Yuko Bor mpaka Jumapili, halafu watoto wasio na ndugu watahamishwa. Anayemfahamu apige nambari hii. Tangazo lilikuwa limewekwa wiki mbili nyuma, siku mbili kabla ya ile Ijumaa ya pili ambayo mama huyo aliketi kwenye benchi nje ya dirisha. Jumapili iliyotajwa ilikuwa imeshapita. Walipiga ile nambari siku nzima na haikupatikana. Wol akaahidi kusafiri mpaka Bor na kuulizia walikopelekwa.

"Kufuta lilikuwa kosa," Mwalimu Ekal alimwambia Adut mbele ya klabu yote, "na kosa lile lilikuwa na dawa. Uongo wako ndio uliokula siku zote hizi. Sasa sina dawa ya kukupa."

Alimvua uenyekiti. Adut alimwendea Mama Nyaluak, akapiga magoti, akaomba msamaha. Mama yule alimwinua.

"Kufuta, mimi nasamehe. Mtoto anakosea," alisema. "Lakini wewe ulijua. Kama wewe unasema siku ile, mimi ningelia siku moja tu."

Kisha akamvutia kiti na kumwambia aandike jibu chini ya picha, kwamba mama wa Nyawech yuko Kakuma na anamngoja. Adut akaandika, na kila neno akamsomea kwa sauti kabla ya kuandika lingine.