Mashine ya Dirishani

Fundi wa kompyuta aliweka kiganja juu ya mashine ya dirishani, akakiondoa haraka kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Hii mbona ya moto? Mnaitumia?"

"Hiyo haijawashwa miezi tisa," Mchoraji akajibu bila kuinua macho.

Fundi akainama chini ya meza. Waya wa umeme ulikuwa umeviringwa na kufungwa kwa utepe, vilevile ulivyofungwa wiki ile ya msiba. Plagi ilikuwa imelala sakafuni, hatua nzima kutoka ukutani. "Basi ni jua la dirishani," akasema, akaandika jambo kwenye daftari lake. Hakuna aliyemwambia kwamba wiki nzima jua halikuonekana.

Ilikuwa ofisi ya chumba kimoja, juu ya duka la rangi, na kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Walianza watu watatu: Mchoraji mwenyewe, mkewe aliyepokea wateja na kuandika barua, na mdogo wa kike wa mkewe, naye mchoraji hodari. Huyo, bosi wake alimwita Shemeji hata mbele ya wateja, na yeye akamwita Shemeji vivyo hivyo, mpaka wateja wakawa hawajui nani shemeji ya nani. Sasa walibaki wawili. Kompyuta zilikuwa nne, zote zimechoka. Ukitaka ramani ifunguke, unaenda kupika chai, unakunywa, unaosha na kikombe, unarudi unakuta bado.

Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuhusu mashine hizo. Miaka miwili mfululizo alisema, "Mhandisi wangu, tubadili hivi vikongwe kabla havijatuzika." Alimwita mhandisi kwa utani, maana mumewe hakuwa mhandisi, ila alipenda kutembea kama wao. Na mumewe kila mara alijibu, "Mwakani, mke wangu. Mwakani."

Siku alipozidiwa hospitalini, Shemeji alipiga simu: njoo sasa hivi. Mchoraji alikuwa katikati ya kuhifadhi ramani ya mteja, na mashine ikaganda. Akajiambia, ngoja iamke, dakika mbili tu. Alingoja dakika arobaini. Alipofika wodini, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya.

Ndiyo maana mazungumzo ya kununua kompyuta yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Kwa kazi yenu," Fundi akaeleza, "mbili za kuchorea ziwe na nguvu. Kadi ya picha ya peke yake, kumbukumbu kubwa, kioo kipana. Ya kuandikia barua iwe ya kawaida tu, na ile ya kwenye printa kubwa pia. Mkipata zilizotumika, msinunue kabla sijazifungua ndani."

"Na hii ya dirishani?" Shemeji akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Hiyo ndiyo bibi yao wote. Ianze hiyo kuondoka."

Wakakubaliana Fundi alete orodha ya mashine wachague.

Kesho yake mchana Shemeji alikwenda kupima kiwanja. Mchoraji alibaki peke yake, amekunja mgongo juu ya ramani. Hapo akasikia vibonye. Vilibonyezwa mbiombio, vikatulia, kisha vikagongwa mara tatu polepole, kama mtu anayefikiri huku kidole kinacheza. Alimjua mtu mmoja tu aliyeandika hivyo. Akageuka. Kioo cha mashine ya dirishani kilikuwa kinawaka, waya ungali umefungwa kwa utepe, na hewani mlikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya mkewe, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, hafifu, ya nywele zilizoungua.

Kwenye kioo paliandikwa: *Mhandisi wangu, umekula?*

Alipaswa kukimbia. Badala yake alivuta kiti, akakaa, akalia mpaka shati likalowa kifuani. Kisha akaandika, *Bado.*

Tangu siku hiyo Mchoraji alibadilika. Alikuja kazini mapema, ananyoa ndevu, anapiga mluzi ngazini. Kila Shemeji alipotoka, alihamia dirishani. Mashine ilikuwa na maswali, na maswali yake yalikuwa matamu. *Unakumbuka siku tuliyopanga chumba hiki?* Naye akasimulia: mvua ilivyoingia kupitia dari, walivyobeba meza kichwani kama mwavuli, wakacheka mpaka mwenye nyumba akapanda kuwauliza kama wana akili timamu. *Unakumbuka nguo niliyovaa ulipokuja kunichumbia?* Akasimulia na hiyo. Kadiri alivyosimulia, ndivyo maneno kwenye kioo yalivyozidi kufanana naye. Siku ya nane yalianza kutoka kwa sauti, yakipitia kispika kidogo kilichopasuka, na ilikuwa sauti yake hasa, pamoja na ule mkwaruzo wa mafua yake yasiyoisha.

Fundi alipoleta orodha, Mchoraji hakupenda hata mashine moja. Hii kioo chake kina mwanga mkali. Hii feni yake ina kelele. Ile rangi yake nyeusi mno.

"Shemeji," mdogo wa marehemu akamwambia, "tunachagua kompyuta au tunachagua mchumba?"

Fundi akacheka. Mchoraji hakucheka. "Hatuna haraka," akasema.

Binti yake wa miaka tisa alikuwa akipitia ofisini kila akitoka shule, anafanya kazi zake za nyumbani kwenye kona ya meza. Alikuwa na wimbo wa mama yake, ule aliobembelezewa tangu mchanga, na aliuimba puani kila akiandika. Alasiri moja akanyamaza katikati.

"Baba, wimbo wa mama unaanzaje?"

Mchoraji alitafuta kichwani mwake kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo, akakuta mahali pa wimbo ule pamefagiliwa, pasafi, hata vumbi hamna. Kisha kutoka dirishani, kwenye mashine iliyozimwa, mtu akaanza kuuimba puani, taratibu, bila kukosea.

"Baba," mtoto akanong'ona, "nani yule?"

Akamshika mkono, wakashuka ngazi bila kuaga. Lakini nyumbani, mtoto alipolala, Mchoraji alijikuta anahesabu saa zilizobaki mpaka asubuhi arudi kule. Ndivyo alivyokuwa ameshikwa.

Siku ya kumi na tisa alikwenda benki, jengo la pili kutoka ofisini, akakawia foleni, na akiwa njiani kurudi moyo ulianza kumdunda bila sababu. Akapanda ngazi mbilimbili, na kila ngazi aliyopanda harufu ya nywele zilizoungua ilizidi kuwa nzito, mpaka ikawa kama anapanda ndani ya moshi asiouona, na mlango alioukuta umerudishwa tu ulikuwa wa moto kwenye kiganja chake, na alipousukuma alimwona binti yake amekaa kwenye kiti cha mama yake, miguu haifiki chini, midomo imepauka kama imepakwa majivu, macho hayapepesi, akizungumza kwa sauti bapa bila kuvuta pumzi, na ile sauti ya kispika ikimwambia kwa upole, endelea mwanangu, niambie na siku ile nilipokusuka nywele tukachelewa shule, niambie yote, usibakize, na kila mtoto alipomaliza kisa kimoja kitu fulani kilizimika usoni pake, kama taa za nyumba zinavyozimwa chumba baada ya chumba.

Akamnyakua. Kiti kikaanguka.

"Ulikuwa unaongea na nani? Mwanangu! Nani huyo?"

"Mwanamke fulani," mtoto akasema.

"Siyo mama? Alijifanya mama yako?"

Mtoto akamtazama, uso umejaa mshangao mtupu. "Mama yupi?"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kipimio chake begani. Alisikia. Akashuka chini taratibu, akakaa kwenye sakafu, mgongo ukutani.

"Mimi ndiye niliyeanza kuongea naye," akasema. "Wiki mbili kabla yako. Aliniita mdogo wangu. Akaniuliza habari za hospitali, saa ile ya mwisho, nikamsimulia. Nilipofika nyumbani nikataka kuikumbuka saa ile, sina. Nikaogopa, sikumkaribia tena. Nilipaswa kukuambia, Shemeji. Nilikuona unapiga mluzi ngazini, nikashindwa."

Yeye ndiye aliyemleta Mkunga siku iliyofuata, saa sita mchana. Mkunga alikuwa mwanamke mzee aliyezalisha nusu ya mtaa, na watu walimfuata pia kwa mambo ambayo hospitali haikuyajua. Hakuja na vishindo. Alikuwa na chupa ya maji ya chumvi na kitambaa cheupe. Akazunguka chumba, akanusa, akakaa mbali na dirisha.

"Hilo ni jini," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza karibu na mgonjwa. "Halina sura, halina habari zake lenyewe. Linatafuta nyumba yenye msiba, linakula mliyobakiwa nayo ya marehemu. Mkeo hayumo humo, baba. Mkeo amekwenda."

"Lakini linajua..."

"Linajua mlicholilisha. Kuna jambo hata moja lilikwambia kabla hujalisimulia?"

Mchoraji akafikiri. Akakumbuka lile neno mhandisi, na umekula. Kisha akakumbuka kwamba Shemeji ndiye aliyetangulia kulisimulia.

"Likishamaliza kwa mtoto," Mkunga akaendelea, "litatoka humo na mwili. Litakuja nyumbani kwako, litakaa mezani kwako. Nawe utafurahi. Mtoto ndiye hatakuwa na nafasi."

"Litoe."

"Litatoka. Lakini sikiliza kwanza. Aliyokuwa nayo mtoto yaliporwa, yatamrudia. Huyu dada alitoa kidogo akakimbia, halikuwahi kuyameza, naye yatamrudia polepole. Wewe ulikaa nalo siku kumi na tisa, ukalilisha kwa mkono wako, kwa furaha. Hayo yameshakuwa nyama yake. Likiondoka, linaondoka nayo. Na hata kidogo kilichobaki kwako kimeshikana nayo, kitang'oka pamoja."

Chini, dukani, mtu alikuwa anacheka.

"Nitabakiwa na nini?"

"Mtoto," Mkunga akasema. "Na lazima ulifukuze kwa kinywa chako, maana wewe ndiye uliyelivutia kiti. Liambie hulijui."

Mashine ikawaka yenyewe.

"Mhandisi wangu," sauti ikasema, karibu, yenye mafua. "Usiwasikilize. Nimekuudhi nini?"

Mchoraji akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Hukuwahi kufika," sauti ikaendelea, bila lawama. "Kuna neno niliacha kwa ajili yako. Saa ile. Huyo mdogo wangu ameshalisahau, kwa hiyo ni mimi tu ninayelijua duniani. Niache nikae, nitakwambia. Si ndilo unalolitaka miezi tisa hii?"

Ndilo. Hapakuwa na kitu kingine alichokitaka chini ya mbingu. Akashika ukingo wa meza, na pale mezani akaona daftari la binti yake limefunguliwa. Mwalimu alikuwa ameagiza insha ya familia. Mtoto aliandika mstari mmoja, *Sisi tuko wawili*, akaweka nukta.

"Sikujui," Mchoraji akasema.

"Mume wangu."

"Sikujui! Toka, sikujui, sikujui wewe!"

Feni ya mashine ikanguruma na waya umefungwa vilevile, vibonye vikaanza kubonyea vyote kwa pamoja kama mvua ya mawe juu ya bati, Mkunga akarusha maji ya chumvi na kutamka maneno yake bila kupumzika, na kwenye kioo yalijitokeza yote aliyowahi kuyaandika, mstari kwa mstari, kisha yakaanza kufutika kuanzia mwisho, na kila lilipofutika neno alihisi kitu kinavutwa kutoka nyuma ya macho yake kama uzi unavyofumuliwa kwenye sweta, nguo ile ya uchumba ikaenda, meza kichwani kwenye mvua ikaenda, cheko likaenda, upande wa kitanda aliolalia mkewe ukaenda, uso ukaenda, na mwisho likaenda jina, akalishika kwa meno akilitamka, akalitamka tena, na mara ya tatu hakujua alikuwa anataka kusema nini.

Kioo kikapasuka.

Fundi aliichukua mashine siku hiyohiyo. Mkunga alimwelekeza aitoe diski, aivunje, aifukie kwenye chumvi. Kompyuta mpya zilifika Ijumaa: mbili zenye nguvu, mbili za kawaida. Mchoraji alizichagua kwa dakika tano. Ramani sasa ilifunguka kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Mtoto alirudiwa na kumbukumbu za mama yake ndani ya siku tatu, akilia, akicheka, akiimba. Nyumbani kulikuwa na picha ukutani, na Mchoraji alijua kwamba mwanamke yule alikuwa mkewe, kwa kuwa mtoto alimwambia na vyeti vilisema hivyo. Alimtazama kila asubuhi kwa heshima, kama unavyomtazama mzazi wa rafiki yako.

Wiki ya tatu, Shemeji alisimama mbele ya meza yake, macho mekundu.

"Imenirudia," akasema. "Saa ile. Neno alilokuachia."

Mchoraji akaweka kalamu chini. "Karibu. Keti."

"Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nimekasirika kwamba hujafika. Akanishika mkono, akasema, 'Mwambie asije mbio. Barabara ina utelezi. Mwambie mimi sijakasirika, nilikuwa naye moyoni muda wote.' Halafu akalala."

Alisubiri. Mchoraji aliitikia kwa kichwa taratibu. Alijua kwamba habari kama hii inataka jibu zuri, akalitafuta kwa bidii.

"Inaonekana alikuwa mtu mwema sana," akasema. "Pole, Shemeji. Dada yako alikupenda."

Shemeji akatoka mbio, akaliacha jengo zima likisikia anavyolia ngazini. Mchoraji akabaki ameketi. Baada ya muda alihisi unyevu mashavuni, akapeleka vidole, akavitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka mfululizo, hayaishi, na yeye amekaa pale akiyafuta moja moja, akijaribu kukumbuka ni nani anayemlilia.