Tambi za Kuchovya

"Hapa hapa?" Muhsin aliganda mlangoni pa mkahawa wa Kijapani, karibu na stesheni ya Croydon, London.

"Hapa hapa. Mwenzangu wa kazini kanisifia tambi zao," Suad alimjibu. "Kwani ushawahi kuja?"

"Mie? Sijapata hata kuukanyaga mtaa huu. Tukale kuku pale mbele, saa nane wakili anatusubiri."

"Sasa hivi saa sita na nusu. Ingia, bwana."

Akaingia kajiinamia, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Akachagua meza ya pembeni, akawapa watu wote mgongo, mbele yake Suad na ukuta mtupu. Suad akaliona hilo.

Simu yake ikatetema. Ujumbe wa baba yake, Mzee Jaffar, kutoka Barking: "Shekhe keshathibitisha. Nikaha Ijumaa baada ya laasiri. Mwambie mkwe wangu asichelewe."

Mzee huyo alimuuliza mkwewe jambo moja tu siku ya posa: una mke? Muhsin akaapa, sebuleni, mbele ya watu, kuwa hana. Na Suad, karani wa zahanati mwenye miaka thelathini na nne, aliyekwishakata tamaa ya kuolewa, akampenda mzima mzima.

"Pasi umekuja nayo?" Muhsin akauliza.

"Imo mkobani. Mara ya tatu unaniuliza."

"Bila pasi yako ya Kiingereza fomu zangu za ukaazi haziendi, mpenzi."

Suad akafungua menyu. "Ngoja niulize kama mchuzi una nguruwe."

"Chukua wa samaki. Huo hauna."

"Umejuaje?"

"Si imeandikwa hapo."

Suad akaipitia menyu mbele na nyuma. Haikuandikwa popote.

Chakula kikaja: tambi nene, baridi, kwenye sahani, na mchuzi mzito wa moto kwenye kibakuli. Suad akakinyanyua kibakuli azimwagie tambi mchuzi, kama anavyomwagia wali nyumbani. Muhsin akamdaka mkono.

"Usimwage. Unachovya kidogo kidogo."

"Nani kakufundisha?"

"Nawaona wenzetu wanavyokula."

Suad akageuka kuutazama ukuta nyuma yake. Pale hapakuwa na mtu wa kuonwa. Tambi zilikuwa tamu, lakini akaisukuma sahani kando.

Muhsin akamaliza upesi, macho kwenye saa. Kisha, kwa mazoea, bila kugeuka, akakiinua kibakuli chake juu ya bega. Mama mmoja wa Kijapani, mhudumu wa pale, akaja na birika, akammiminia supu nyepesi ya moto kwenye mchuzi uliobaki, apate kuunywa. Muhsin akashtuka, lakini mkono ulikuwa ushainuka.

Yule mama akachungulia chini ya kofia, akatabasamu. Akauliza kwa Kiingereza cha polepole:

"Leo mke umemwacha nyumbani? Na mtoto, kashaanza kutembea?"

Akaenda zake na birika lake.

"Kanifananisha," Muhsin akasema.

"Nitazame, Muhsin. Mtoto ana umri gani?"

Muhsin akaivua kofia.

"Mwaka na miezi miwili."

"Na mama yake?"

"Zainab. Naye hana makaratasi. Suad, nikipata yangu tu..."

"Ulimwapia baba."

"Dini inaniruhusu wawili."

"Ungeyasema hayo sebuleni. Mie nilikupenda. Wallahi nilikupenda."

Muhsin akanyoosha mkono. Suad akadhani anataka kumshika kiganja, amwombe radhi. Mkono ukaupita wake, ukaenda kwenye mkoba.

"Basi nipe pasi tu. Wakili anasubiri."

Suad akaukumbatia mkoba, akasimama, akapiga simu pale pale.

"Baba, Ijumaa usimpe mkono huyu mtu."

Bila baba kumpa mkono mbele ya shekhe, nikaha haipo. Mzee Jaffar akauliza:

"Ana mke?"

"Na mtoto."

"Njoo nyumbani, mwanangu."

Kwenye kituo cha tramu akafungua mkoba. Pasi ilikuwemo. Akaishika kwa mikono miwili, akalia mbele za watu mpaka tramu ikaja.