Tutafungulia Lackawanna

"Hafungi," Caritas alisema. "Funga wewe, afunge Minani, afunge hata Karaha huko Buffalo. Mume wangu hafungi."

"Punguza sauti, mama Elie," kaka yake alisema.

"Usiniambie sauti. Ana sukari, na ameshajidunga. Ile dawa mchana inadai chakula."

Saa 12:10 asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka, South End, Louisville. Magunia ya unga wa muhogo, maboksi ya dagaa, ramani juu ya ndoo ya mawese. Mwenye duka alikuwa Pantaleo: kaka yake Caritas wa tumbo moja, mzee wa kanisa, na kichwa cha genge.

"Kabla ya usaili wa kuja Marekani tulifunga siku tatu," Pantaleo alisema. "Wangapi kambini walikataliwa? Sisi tulipita wote. Jambo kubwa halianzwi na tumbo limejaa."

"Ule ulikuwa usaili. Huu ni wizi."

"Mungu anajua shida zetu."

Minani, mlinzi wa lango la ghala walilotaka kuliibia, alicheka puani. Hakuna aliyemfuata.

Jovini alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono katikati ya magoti. Dereva wa lori miaka minane. Mwaka jana tajiri wake alimkuta ameegemea usukani uani, mdomo wazi, akadhani amelewa. Kazi ikaisha, na bima ikaondoka na kazi. Sasa alijidunga insulini ya zamani, ile rahisi. Unaidunga alfajiri, inakaa kimya, saa sita mchana inauma. Usipokula, unaanguka.

Zamani alikuwa na dalili. Alitetemeka, alitoka jasho, akaomba chai. Lakini sukari ilishuka mara nyingi mno, na mwili ukachoka kupiga kelele. Siku hizi alianguka kimya, katikati ya sentensi. Usiku Caritas alilala mkono juu ya kifua chake. Miezi saba hakuwa amelala vizuri.

Ndiyo maana walikuwa pale. Mzigo wa leo ulikuwa tela zima la vipima-sukari, vile vya kubandika mkononi vinavyopiga kelele kabla mtu hajaanguka. Wengine wangegawana watakachopata kwa Karaha, mnunuzi. Jovini alitaka katoni moja tu.

"Nimekunywa chai nyumbani," Jovini alisema. "Nimekula chapati. Yaishe."

Caritas alimtazama. Jovini alitazama ramani.

"Basi," Pantaleo alisema. "Minani anafungua lango saa moja na nusu. Shemeji anaingia na kichwa cha lori, anafunga tela, anatoka. Karatasi za kuchukulia mzigo kaandika Caritas mwenyewe, kila namba iko mahali pake. Mimi na Caritas tunafuata na gari dogo. Columbus tunabadilisha kichwa. Saa kumi na nusu, Lackawanna, kando ya Buffalo, kwa Karaha. Hapo tunafungulia mfungo."

"Endesha wewe," Caritas alisema.

"Sina leseni ya lori. Na pale langoni sura yangu wanaijua, walinifukuza wao."

Wakasimama. Pantaleo akaomba, kwa ufupi, macho wazi.

*Saa 1:34 asubuhi.* Minani alichukua karatasi, akazisoma kama hajawahi kuziona, akapiga mhuri. Chuma cha lango kikapanda. Tela jeupe likatoka taratibu, likaingia barabara kuu kuelekea kaskazini. Caritas alishika usukani wa gari dogo, akaacha nafasi ya magari matatu.

Kila nusu saa alimpigia.

"Kadi yetu ya posho namba ngapi?"

"Sifuri saba, nne moja nane, mbili sita." Jovini alijibu bila kusita. Mtoto wa kambini husahau jina la mwalimu wake, namba ya kadi haisahau. Huo ndio ulikuwa mtihani wao. Akijibu, yuko sawa.

"Unamsumbua," Pantaleo alisema.

"Ni mume wangu. Nitamsumbua."

*Saa 5:05 asubuhi.* Columbus. Ua wa fundi, nyuma ya uzio wa mabati. Pantaleo na fundi walibadilisha kichwa cha lori. Caritas alimtoboa Jovini kidole.

"Sabini na nne. Inashuka. Ile chapati ulikula wapi, baba Elie?"

Jovini alishusha mkono wa shati.

"Nimekuuliza."

"Niliirudisha kwenye sufuria." Alisema polepole, kama anaungama. "Shemeji yuko sahihi. Tulifunga, tukapita. Siku ile ningekula ningewaangusha wote."

"Siku ile hukuwa na insulini mwilini, mjinga wewe!"

Caritas akafungua tela, akavunja katoni ya kwanza, akambandika kidude kimoja nyuma ya mkono, kikaingia kwa mlio mdogo. Kidude kiliongea na simu ya Jovini, na simu ya Jovini ikatuma namba kwenye simu ya Caritas. Tatizo moja. Kioo cha simu kiliandika: subiri dakika sitini.

Akamwekea chupa ya soda mkononi. "Kunywa."

Pantaleo alikuwa amesimama kando ya gurudumu, akitazama. Jovini alimwona.

"Nitakunywa njiani," alisema, akapanda.

"Kunywa sasa!"

"Tumechelewa," Pantaleo alisema. "Karaha hangoji. Twende."

Injini ilinguruma. Caritas akakimbilia gari.

*Saa 5:35.* Sifuri saba, nne moja nane, mbili sita.

*Saa 6:05.* Sifuri saba... nne moja... nane. Mbili sita.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

*Saa 6:17 mchana.* Karibu na Mansfield simu ya Caritas ililia kama mtoto aliyebanwa na mlango. Arobaini na moja. Mshale chini.

Mbele yao tela lilikuwa limeanza kuhama, upande mmoja, likarudi, likahama tena.

Caritas akampigia. "Jovini! Kadi namba ngapi?"

Kicheko. Kicheko kirefu, cha mtu mwingine kabisa. "Kadi? Wewe nani? Wamefuta majina yetu..."

"Mpigie honi aamke," Pantaleo alisema.

"Hajalala. Anazima."

"Asisimame hapa! Dakika tano polisi watakuwa juu yetu."

Caritas hakumsikiliza. Aliuleta mdomo kwenye simu, akaishusha sauti, akasema kwa Kirundi cha nyumbani. Jovini, mbele kuna kizuizi. Askari wa kambi wamesimama. Hatuna kibali. Simama kabla hawajakuona.

Mtu aliyekulia kambini hapiti kizuizi.

Taa nyekundu zikawaka. Tela likayumba, likaingia majani ya kando, likasimama limeinama.

*Saa 6:24.* Alikuwa amelala kifudifudi juu ya usukani, shati limelowa. Chupa ya soda ilikuwa pembeni yake. Kifuniko hakikuwa kimeguswa.

Walimteremsha wawili, wakamlaza ubavu kwenye majani. Meno yalikuwa yameumana. Sindano ya dharura ilikwisha muda mwaka jana, na nyingine bila bima hainunuliki. Caritas alitia sukari kwenye kidole, akampaka ndani ya shavu. Nyingi ilitoka na mate. Thelathini na tatu.

"Atazinduka," Pantaleo alisema. Alikuwa ameshapanda ngazi ya lori. "Naendesha mimi. Wewe nifuate na gari."

"Na yeye?"

"Watu wa barabara hii wana huruma. Mpita njia atamwitia msaada."

"Kaka. Ni shemeji yako."

"Ukipiga wewe, watakuuliza ulifikaje hapa. Elie na mdogo wake watalala kwa nani leo?" Akangoja. "Mama Elie. Wapoteze mzazi mmoja au wote wawili?"

Caritas alimgeuzia mgongo, akapiga simu ya dharura.

Alitaja barabara na namba ya maili. Mwanamume, miaka thelathini na nane, kisukari, hajitambui. Ishirini na tisa, alisema, akisoma kioo. Yule wa simu alimwambia asikate.

Nyuma yake gia zilisaga. Pantaleo alizikosa mara ya kwanza, mara ya pili zikashika. Tela likajivuta kutoka majanini, likaingia barabarani, likaenda.

Ishirini na nane. Kisha kioo kikabaki na vistari viwili.

Alikitikisa. Vistari viwili. Ndipo akakumbuka: simu ya Jovini ilikuwa juu ya dashibodi. Ilikuwa inakwenda Lackawanna.

Akaweka kiganja juu ya kifua cha mumewe, kama kila usiku. Kilipanda. Kilichelewa kushuka.

"Mama," sauti ilisema, "gari linakuja, dakika kumi na moja. Jina lako nani?"

Angeweza kusema jina lolote. Alitaja lake, lote, kama lilivyo kwenye karatasi za ukimbizi.

"Kuna mtu mwingine hapo?"

Tela lilikuwa limebaki doa jeupe.

"Alikuwepo," Caritas alisema. "Andika." Akaanza kutaja namba ya tela, tarakimu moja moja, bila kusita, kama alivyoiandika mwenyewe.